Shaabani na Ubeti Ambao Walevi Hawakuusikia

Saa nane mchana, Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, inasinzia macho wazi. Mafundi wamejilaza chini ya magari wanayoyatengeneza, mama muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, amefunika sinia lake kwa kitenge, na jogoo mmoja anawika nje ya zamu yake halafu ananyamaza kama aliyejutia. Upande wa ziwani hewa imekuwa nyeupe. Milima ya Kongo iliyoonekana asubuhi sasa haipo.

Mlangoni mwa kibanda cha bluu iliyochujuka, Shaabani anasubiri gundi ikauke. Ni fundi wa spika, mwenye mvi za mapema na vidole virefu. Ameketi nusu ndani nusu nje, maana gundi ya kubandikia karatasi za spika ina harufu inayopanda kichwani.

"Mi sitaki kintu chochote kinipande ku kichwa," anasema, akicheka bila sauti. "Hata gundi. Hata sifa."

Gundi imekauka. Anaunganisha nyaya, analaza gita la umeme pajani na kuanza kupiga. Kila spika inayotoka mikononi mwake hujaribiwa kwa wimbo uleule, kwa sababu wimbo huo huanzia chini kabisa, penye mngurumo, ukapanda hadi juu penye sauti nyembamba. Spika yenye kidonda hulia kabla wimbo haujafika nusu.

Na hapo ndipo Buyenzi inapoamka. Fundi aliye chini ya gari anaanza kuimba, miguu yake tu ndiyo inaonekana. Mama wa ndagala anadakia. Mtaa mzima, kivivu, unaimba:

*Njoo mwenye shingo ndefu, njoo unipoze,*
*jua limeniona, wewe nifiche.*

Mwenye shingo ndefu ni chupa ya bia, na hilo hakuna asiyelijua. Shaabani anapiga, midomo ameifumba. Ubeti wa kwanza ukiisha, mtaa unanyamaza, maana hapo ndipo maneno yao yanapoishia. Gita linaendelea peke yake na ubeti wa pili, na hakuna anayeuitikia.

Wimbo ni wake. Aliutunga na rafiki yake Melchior, mpiga besi wa Musaga, mtaa wa juu mlimani, enzi wakipiga muziki kwenye baa za ufukweni. Ubeti wa kwanza ni wa Shaabani, wa pili ni wa Melchior. Lakini kwa miaka yote hiyo, ubeti wa Melchior haukuwahi kusikika, na sababu yake ni desturi moja ya mji huu.

Bujumbura chupa haifunguliwi jikoni. Hufunguliwa mbele ya mwenye kuinywa, aone kwa macho yake kwamba hakuna mkono mwingine uliotangulia. Ni heshima, na ni usalama pia. Ila ikishafunguliwa mbele yako, basi ni yako. Kuirudisha ni sawa na kumwambia aliyekupa kwamba humwamini.

Basi, kila wimbo ule ulipoimbwa, walioupenda walimtuma mhudumu akamfungulie mwimbaji chupa pale pale miguuni. Wengine nao wakajifungulia zao, wakainuliana, wakapigana mabega. Ubeti wa kwanza ulipoisha, baa nzima ilikuwa ni kelele za vizibo na vicheko, na Melchior, ambaye hakuwa na sauti kubwa, aliuimbia ubeti wake ndani ya kelele hizo.

"Alikuwa anaimba na macho amefunga," Shaabani anakumbuka. "Hata mi sikuwa nasikia muzuri. Nilikuwa nahesabu biere zangu."

Shaabani aliacha pombe miaka sita iliyopita, na anayemshukuru baada ya Mungu ni kiboko. Usicheke. Aliamka alfajiri moja kwenye majani ya ufukwe wa Kibenga, gita kifuani, ukungu umetanda juu ya maji hata hakujua kama yuko duniani au wapi. Hatua chache tu kutoka kwake, mnyama mkubwa alikuwa akitafuna majani bila haraka.

"Akaniangalia, na mi nikamuangalia," anasimulia, na sauti yake inashuka kama ya mtu anayehofia kumwamsha. "Halafu akageuka, akaingia mu maji, polepole, poo. Nikasema: ona, hata uyu asubuhi anarudi kwake. Ni mi tu sirudi."

Akarudi. Mkewe, Mwanvua, fundi cherehani asiye na maneno mengi, alimpokea kwa sharti moja linalodumu hadi leo. Ufunguo wa nyumba anao yeye. Mume hugonga, mke hufungua, na kabla ya kupishwa, mume hutoa salamu kwa karibu, pua kwa pua. Salamu ikiwa safi, anaingia.

Mwaka mmoja baadaye walimwita harusini, wakamwomba ule wimbo. Akaimba. Kabla hata ubeti wa kwanza haujaisha, mgeni mmoja mkarimu akamfungulia chupa mbele ya macho yake. Shaabani hakujua la kufanya. Kuikataa ni kumvunjia mtu heshima. Kuinywa ni kifo. Akaishika mkononi mpaka sherehe ikaisha, povu likimtiririkia vidoleni. Hakuonja hata tone. Lakini alipogonga mlango wake, Mwanvua alimnusa mikono, akamrudisha bombani na sabuni, na siku hiyo Shaabani aliapa: wimbo ule haimbi tena.

Kiapo kilimponza mfukoni. Watu walimtaka kwa ajili ya wimbo huo, na mtu asipoimba wimbo wake, wanaalika mwingine. Zamani Jumamosi zake zote zilikuwa na harusi. Siku hizi akipata moja kwa mwezi anashukuru. Kazi ya spika ndiyo inayowalisha.

Na maneno ya watu nayo hayakukosekana. Astère, mtumishi wa serikali mstaafu ambaye hakuna baa asiyoijua, hupita kibandani kumchokoza. "Mutu hakunywi, basi hata aanze tena kuimba, nani atamuamini?"

"Padri wenu anafundisha ndoa kila mwaka," Shaabani alimjibu siku moja, "na hakuna mutu anamuuliza bibi yake iko wapi." Mtaa uliangua kicheko, Astère mwenyewe akiwa wa kwanza.

Lakini kichekesho ni kichekesho, na hofu ni hofu. Shaabani haogopi kuitwa mwongo. Anachoogopa ni kinyume chake, kwamba wimbo ni wa kweli mno. Anapoimba ubeti wa kwanza, anasema, mate yanajaa mdomoni. Ulimi unakumbuka baridi ya ile shingo ndefu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye alishaumwa.

Mwaka jana Melchior alifariki. Yeye hakukutana na kiboko. Pombe ilimmaliza kidogo kidogo, na Shaabani, aliyekuwa akimtembelea Musaga na Fanta mkononi, alimwona akiyeyuka kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji.

Miezi michache iliyopita, mjane wake, Concilie, alishuka Buyenzi kwa miguu, maana mafuta hakuna na mabasi hayaonekani. Alikaa kwenye kigoda cha kibandani, akapangusa jasho, akasema alichokuja kukisema. Siku ya kumaliza matanga, ambayo Warundi huiita kuganduka, imekaribia. Watu watakusanyika, watasema maneno, watakula, watakunywa. Yeye anataka jambo moja tu.

"Shemeji, uimbe ile nyimbo yenu. Yote. Watu wananiambia bwana yangu naye alikuwa na maneno yake mule ndani. Miaka yote ile, mi sijayasikia. Na yeye hakuniambia."

Ubeti ule haukurekodiwa popote. Anayeujua duniani amebaki yeye peke yake. Asipouimba, Melchior amezikwa mara ya pili, na safari hii mkono ulioshika koleo ni wa rafiki yake. Akiuimba, lazima kwanza apite kwenye ubeti wa kwanza, mbele ya kreti za bia, miongoni mwa watu watakaomfungulia chupa kwa mapenzi.

Mwanvua aliposikia alisimamisha cherehani. "Mutu akishatoka mu kisima, anarudi kuchungulia nini?"

"Rafiki yangu alibaki mule, mama Lubna."

Mke alinyoosha kitambaa chini ya sindano. Kisha akasema, "Sikukatazi. Lakini mlango ni ule ule." Akakanyaga cherehani yake.

Kwa wiki nzima Shaabani alibandika spika na kuwaza. Gita lilikuwa pajani, jicho likiwa mbali, kule ambako milima ya Kongo hutokea na kupotea. Siku moja gundi ikikauka, jibu likamjia, na lilikuwa jepesi hata akajicheka. Alimtumia Concilie ujumbe: ataimba, ila kabla hajagusa uzi wa gita, vifungulio vyote vya chupa vikusanywe, vikae mikononi mwa mjane mwenyewe.

Siku ikafika, Jumamosi alasiri. Spika zilipandishwa Musaga juu ya baiskeli, zimefungwa kwa mipira. Uani turubai limetandazwa, watu wameshasema maneno yao, wahudumu wameshagawa chupa na wanajiandaa kufungua. Concilie akasimama. Akapita kwa mhudumu mmoja mmoja, mkono umenyooshwa, akikusanya vifungulio na kuvifunga kwenye pindo la kitenge chake. Watu walitazamana. Kisha akaketi mbele, fundo lile mapajani.

Jamani, tuseme ukweli. Hakuna mnywaji Bujumbura asiyeweza kufungua chupa bila kifungulio. Atatumia meno, atatumia ukingo wa meza, atatumia chupa nyingine. Lakini mjane ameomba, na watu wakabaki na chupa zao mikononi, zimefungwa, zinatoka jasho.

Shaabani akaanza. *Njoo mwenye shingo ndefu.* Wageni waliitikia, mwanzoni kwa furaha, kisha kwa sauti za chini, kwa sababu si rahisi kumwimbia mpenzi ambaye huwezi kumgusa. Katikati ya ubeti mate yakamjaa. Akanyamaza. Vidole vikaendelea vyenyewe, na kwa muda huo, anasema, alikuwa tena kwenye yale majani ya ufukweni, ukungu kila upande. Akatazama chini miguuni kwake. Hapakuwa na kitu, ila vumbi na kivuli chake. Akameza, akaendelea.

Kisha ubeti wa pili ukaingia, na kwa mara ya kwanza ukakuta kimya.

*Nimegonga kwangu, mtoto amefungua,*
*amegeuka ndani, amemwita mama:*
*kuna mgeni, mama, kuna mgeni.*

Nella, binti wa pekee wa Melchior, anayesomea uuguzi, aliweka kiganja mdomoni.

"Mama," aliuliza kwa sauti ambayo ua wote uliisikia, "mi nilisema vile?"

"Ulisema," Concilie alijibu. "Ulikuwa mudogo. Papa hakuingia, akalala inje. Asubuhi hakuzungumuza kintu."

"Kumbe alisikia," Nella akasema, na ndipo akalia. Mama yake alimvuta, na vifungulio vikagongana ndani ya kitenge.

Wimbo haukumponya mtu siku ile, na Shaabani ndiye wa kwanza kulisema. Vifungulio viliporudishwa, wengi walikunywa, kama desturi inavyotaka. Astère alikunywa yake. Lakini aliinywa bila neno, na alipoaga, alimshika Shaabani mkono kwa mikono miwili, kisha akaenda zake bila utani.

Sasa Shaabani ameamua. Ataimba wimbo wake popote atakapoitwa, beti zote mbili, kwa sharti la vifungulio. Asiyelipenda sharti atafute mwingine. Nella ataolewa mvua zikiisha, na ameshamwomba aimbe siku hiyo. Mwanvua amesema safari hii atakuja mwenyewe, aketi mbele.

"Naogopa, ndiyo," anasema, akipangusa vumbi kwenye spika iliyopona. "Siku nikiacha kuogopa, ndiyo nitaacha kuimba."

Akiulizwa anatumaini nini zaidi, harusi, rekodi, jina, anatikisa kichwa. Anasimulia alivyorudi kutoka Musaga jioni ile, gita mgongoni, ziwa limekuwa jekundu kisha la kijivu. Aligonga. Mwanvua akafungua nusu. Akamsogelea, pua kwa pua, akatoa salamu, na mkewe akaipokea polepole, akiivuta pumzi yake yote.

Ndani watoto walikuwa wanauliza ni nani.

Mwanvua akaufungua mlango wote. "Ni baba yenu," akawaambia.

"Neno ile," Shaabani anasema, "nataka kuisikia mupaka nife."