Maneno ya Mama Niliyombadilishia Mwalimu

Mhariri, jina langu lifiche, na la mwalimu usilitaje. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na mitano, tunakaa Shauri Moyo. Nililetwa Nairobi kwa baba nikiwa mdogo ili nisome, na shuleni Kiswahili na Kiingereza nimevishika vizuri. Mama alibaki Machakos akilima, akatufuata mwaka jana pamoja na mdogo wangu wa kiume. Kiswahili chake ni cha kuuzia vyondo tu, vile vikapu anavyosuka, pale soko la Burma. Mimi Kikamba nakisikia chote, ila nikitaka kukisema ulimi unakwama. Na nisiwafiche, nilikuwa namwonea aibu. Akiniita bombani, wenzangu husema, "Haya, mgeni wako huyo, nenda ukamfasirie."

Sasa, mwalimu wetu wa Kiingereza anasomea shahada ya juu, na chuo kinamtaka aandike tasnifu, yaani kitabu kirefu cha uchunguzi. Swali lake ni hili: watoto wa mitaa yetu waanze shule kwa lugha gani? Sura zote ameshazipanga, na moja amewawekea wazazi, kwa kuwa anasema hao hakuna anayewauliza. Akaja kwetu. Yeye ni mtu wa Nyanza, Kikamba hajui, basi akaniweka mimi mkalimani. Akanionya, "Usinipambie. Sema alivyosema, hata akinitukana."

Mama alikuwa anasuka. Alipoulizwa aliweka kiondo chini, akasema kwa Kikamba, taratibu, kama aliyekuwa akilingoja swali lenyewe: "Mwambie bwana huyu nataka waanze na ya kwetu. Huyu aliyeketi hapa alikuwa mtoto wa maneno mengi. Wamemfundisha lugha za watu, sasa ananijibu kama karani wa dirishani. Ndiyo, hapana, kesho. Huyu mdogo wasinichukulie naye."

Uso uliniwaka. Ningeyasemaje hayo mbele ya mwalimu wangu, na ni mimi ninayesemwa? Nikasema kwa Kiingereza, ambacho mama hakisikii, "Anataka Kiingereza tangu siku ya kwanza."

Mwalimu akanitazama. "Maneno yote yale, kumbe ni hayo tu?"

"Kikamba ni kirefu, Mwalimu."

Akacheka, akaandika. Alipoondoka mama akaniuliza, "Umemwambia yote?" Nikamjibu ndiyo. Alifurahi mpaka akawasimulia wenzake wa Burma kwamba maneno yake yatatiwa kitabuni.

Juzi mwalimu aliniita ofisini. "Binti, mama yako ndiye amenipa hoja. Mama wa vyondo, hajasoma, na bado anataka Kiingereza. Sura nzima imesimama juu yake." Tena mkuu wa shule ameisoma, akaipenda, na mwakani darasa la kwanza litaanza kwa Kiingereza kitupu. Mdogo wangu anaingia darasa hilo. Sasa hivi bado anampigia mama hadithi mpaka chakula kinapoa.

Jumamosi mwalimu anakuja kumsomea mama sura yake kabla haijapelekwa kupigwa taipu. Mkalimani ni mimi. Nikisema kweli, namvunjia mwalimu kazi yote, na yeye ndiye aliyeniombea nafasi ya kuendelea na masomo. Nikifasiri uongo tena, mama atatikisa kichwa akikubali maneno ambayo si yake, na mtoto wake wa pili nitakuwa nimemchukua mimi.

Wasomaji, nisaidieni mawazo. Nianze kwa nani, kwa mwalimu au kwa mama?

Nasikia ndala za mama zinakuja mlangoni. Kila siku nikizisikia huisukuma karatasi hii chini ya godoro. Leo naiacha mezani. Ataniuliza naandika nini, na nataka nimjibu kwa lugha yake, lakini nimetafuta tangu asubuhi, "naona aibu" kwa Kikamba sijui inasemwaje.