Majongoo kwenye hotipoti yangu ya wageni

Jamani, mkono nimeuosha mara saba na bado nausikia unatembelewa!

Leo nimeshuka Same kumchukua Namkunda wangu. Ana miaka tisa, hakuwa amewahi kulala nje ya nyumbani, na jana alilia kwenye simu ya mwalimu, anataka kurudi Vudee. Nikasema basi, hii kambi ya masomo ya likizo imetushinda.

Nafika bwenini, naona hotipoti yangu chini ya kitanda. Ile ninayowapakulia jumuiya mkija kwangu, mnaijua. Siku ya kwanza nilimpakia makande humo.

Nikainyanyua, nzito. Nikafungua, nikazamisha mkono nionje kama yamechacha.

Majongoo.

Meusi, manene kama kidole gumba, yanajikunja kwenye majani yaliyooza. Moja limeshapanda kwenye kiganja changu. Eeeh! Nilipiga kelele mpaka matroni akaja na fagio.

Namkunda akaingia mbio.

"Shikamoo mama! Usiwashtue! Tumewaokota asubuhi, mwalimu kasema tuwachunguze. Huyu mkubwa ni wangu!"

Akampandisha mkononi, anacheka. Mimi natema mate dirishani.

"Chukua begi twende."

"Twende wapi, mama? Huyu nani atamlisha?"

Nimerudi mlimani peke yangu. Mtoto nimemwacha, na hotipoti nimeiacha hukohuko.

Jumamosi jumuiya ipo kwangu, makande nitapakua kwenye sufuria. Atakayeuliza hotipoti iko wapi asome hapa, halafu aniambie: ingekuwa yako, ungeiosha?