Nyumba Niliyokwenda Kuibariki

Iko siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka najikuna kichwa. Ni siku niliyotoka hapa Guta kwenda Musoma kuibariki nyumba ya binti yangu, Nyangeta.

Nyangeta ni mtoto wangu wa tatu, anauza katika duka la dawa huko Musoma mjini. Jioni moja alinipigia simu akasema, "Shikamoo Baba. Leo nakupigia nikiwa ghorofani. Nyumba mpya kabisa, ukifungua dirisha unaliona ziwa lote." Mtandao ukakatika. Yaliyobaki nikayajaza mwenyewe. Jumapili tulipotoka kanisani niliwaambia watu kwamba binti yangu ana nyumba ghorofani. Sikusema amepanga wala amenunua; nilisema "ana", nikaliacha neno litembee. Kabla wiki haijaisha, shangazi zake walishampigia kutoka Butiama kumpongeza.

Nami nikampigia. "Mwanangu, Jumamosi nakuja kuibariki nyumba." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa Baba." Ule ukimya niliuona ni wa furaha. Sisi wazee nasi tunakoseaga kusikia, hasa pale tunapolisikia tunalolitaka.

Nilifunga safari na tetea mmoja, michembe kidogo, yaani viazi vilivyokaushwa, na unga wa ulezi. Kwetu, baba akiingia nyumba mpya ya mwanawe huchanganya unga huo na maji, akanyunyiza mlangoni huku akiomba. Mimi ni Mkristo, naomba kwa jina la Yesu, lakini ulezi siuachi. Wanaocheka na wacheke.

Nyangeta alinipokea stendi, tukaenda. Jengo lile lilinichanganya tangu chini. Kila ghorofa ina milango mitatu, yote sura moja, utadhani pacha. Tulipofika juu, Nyangeta alijaribu ufunguo wa kwanza, ukakataa. Wa pili, ukakataa. Nikajiambia, ni funguo mpya hizo, bado hajazizoea. Ndani kulikuwa na makochi ya kuzama na, ukutani, picha kubwa ya mama mmoja mnene anacheka na watoto wawili.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Ni mama mmoja, Baba."

"Mama mmoja wa wapi?"

"Wa hapa hapa Musoma. Kaa kwanza, nikuletee chai."

Nikakaa. Nikamsikia jikoni anafungua kabati, anafunga, anafungua jingine, anafunga. Alipotoka, chai haikuwa na sukari. Binti aliyenipikia chai tangu akiwa na miaka minane! "Sukari imeisha, Baba," akasema. Nami kutoka pale nilipokaa nililiona kopo la sukari juu ya friji, limejaa. Nilifikiri labda huko ghorofani sukari imekatazwa, kama kuku wangu alivyokatazwa kukanyaga sebuleni akafungwa bafuni.

Mara hodi. Nyangeta akashtuka kama aliyeguswa na moto. Mlangoni alisimama kijana mmoja, akaniamkia vizuri, kisha akamgeukia: "Dada, Mama Rhobi kasharudi?"

"Bado," akajibu haraka, akafunga mlango.

"Mama Rhobi ndiye nani?"

"Jirani, Baba."

Sasa mwanangu, mimi sikusoma sana, lakini jirani akitafutwa hutafutwa kwake. Nilijiuliza sana moyoni. Nikafika hata kufikiri mambo mabaya: labda binti yangu ameolewa bila kuniambia, labda huyo mama wa kwenye picha ni mkwe wake. Nikaona heri nifanye lililonileta. Nikaomba bakuli, nikachanganya ulezi na maji, nikasimama mlangoni, nikainua mkono. "Ee Mungu wa baba zetu, nyumba hii ya Nyangeta…"

Nyangeta akanidaka mkono. "Baba, usinyunyize."

"Kwa nini?"

"Hii nyumba si yangu."

Nikabaki nimelishika bakuli, sijui niliweke wapi. Akaeleza huku analia. Nyumba ni ya Mama Rhobi, mwenye duka anakofanyia kazi. Amekwenda Mwanza kwa binti yake aliyejifungua, akamwachia Nyangeta funguo amwangalizie kwa mwezi mmoja. Yeye mwenyewe amepanga chumba kimoja nyuma ya soko.

Hasira zikanipanda. "Umenifanya mwongo mbele ya kanisa!"

"Baba, nisamehe. Lakini mimi nilisema niko ghorofani. Sikusema ni kwangu. Wewe ndiye uliyesema." Akafuta machozi. "Kosa langu ni kwamba niliposikia, sikukusahihisha. Shangazi walinipongeza mpaka nikaona tamu. Na nilikuwaga naogopa. Ukikiona kile chumba, utasema pamba yote uliyolima ukanisomesha imepotea bure."

Nilitaka kubeba kuku wangu niondoke. Nikafika hadi bafuni kabisa, nikainama kumfungua kamba, na hapo nikainamia pia jambo nililolizika miaka mingi.

Nilipokuwa kijana ninachumbia, Mzee Magesa, baba yake mke wangu, alitaka kuja kuona kwetu. Nami sikuwa na ng'ombe zaidi ya mmoja, tena mwenye kuchechemea. Nikaazima kumi na wawili kwa rafiki yangu, nikawaingiza zizini, nikamficha yule wangu porini. Mzee akaja, akakaa, akala ugali kwa sato. Jioni akasema, "Hebu waite ng'ombe wako, niwaone." Nikapiga mluzi. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Nikapiga tena. Wote walikuwa wamegeukia kwao, wanalia.

Mzee Magesa hakunifedhehesha mbele ya watu. Alinishika bega, akanipeleka nyuma ya zizi, akaniambia taratibu: "Kijana, ng'ombe hawa wanakushangaa. Warudishe kwa mwenyewe. Kisha uje kwangu na wako, hata akiwa mmoja, hata akiwa kiwete. Binti yangu ataishi na wewe, hataishi na ng'ombe wa rafiki yako." Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini alinipa mke.

Basi pale bafuni nikaona: mtu aliyesitiriwa hivyo, atamvuaje nguo mtoto wake? Nikatoka, nikamwambia Nyangeta, "Funga nyumba ya watu. Nipeleke kwako."

Chumba kilikuwa kidogo, kweli. Kitanda, jiko la gesi, ndoo mbili, nguo zimening'inia kwenye kamba. Lakini Nyangeta alipoingia mle alibadilika, akawa mtu anayeishi mahali. Chai ilikuja na sukari yake, hata hakuangalia alikoichota. Nikanyunyiza ulezi mlangoni, jirani wa chumba cha pili akachungulia akasema "Amina" bila kujua tunaomba nini. Yule tetea tukamla.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani baada ya matangazo. Nikasema, "Ndugu zangu, binti yangu hana nyumba ghorofani. Amepanga chumba. Mimi ndiye niliyewadanganya." Wengine walicheka, na mmoja ananiitaga Baba Ghorofa hadi leo. Nikabeba. Mdomo huponza kichwa, na kichwa kilichoponzwa ni changu.

Bado nachanganyikiwa, mwanangu, sitakuficha. Nani alimdanganya mwenzake, mimi au yeye? Nilijisifu kwa kumpenda, naye akanyamaza kwa kunipenda, na katikati ya mapenzi hayo uongo ukapata pa kukaa. Sijalijua jibu lake vizuri.

Ila ninalolijua nakuusia. Nguo ya kuazima haisitiri makalio. Mzazi wako akija, mpokee mahali unapoishi kweli, hata kama hapana kiti. Akae kwenye ndoo. Akikukuzia sifa, mrekebishe mapema kwa adabu, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo utakutenga na watu wako mwenyewe. Nawe siku ukiwa mzazi, ukisikia habari za mwanao, uliza mara mbili kabla ya kutangaza mara moja. Tena umwambie mapema, kabla hajahama kwenu, kwamba chumba kimoja si aibu. Mimi hilo nilichelewa kulisema, ndiyo maana aliniogopa.

Mungu akupe mlango wako, mwanangu, mwembamba au mpana, na akupe watu wa kuupigia hodi. Uingie humo kwa amani, ulale usingizi wa mtu asiyeficha kitu. Amina.