Jeneza la Mninga

Seremala alilitengeneza jeneza la mkewe kwa mninga, mbao nzito kama jiwe, kwa kuwa aliamini waumini wenzao wangejaa kulibeba. Miaka nenda miaka rudi, yeye na mkewe hawakukosa msiba wa mtu. Lakini tangu ibada zianze kurushwa mtandaoni, watu walikuwa wamezoea kusali vitandani. Siku ya mazishi kanisani walifika watatu tu: mchungaji, kaka wa marehemu na mpiga picha.

"Usijali, mzee," mpiga picha alisema, akimwonyesha simu. "Watu mia nne wako nasi mubashara. Ona amina zinavyomiminika!"

Damu ilimchemka seremala. "Hizo amina zina mabega?"

"Wanakuombea kwa imani, mzee."

"Mke wa nani kati yao hakuogeshwa na mke wangu alipougua? Weka hilo dude chini, ushike hapa!"

"Na matangazo je?"

"Shika, nimesema!"

Mpiga picha akailaza simu kwenye benchi. Wakaliinua jeneza wote wanne, mninga ukiwalemea mabegani. Nyuma yao simu iliendelea kurusha picha ya dari tupu, na amina zikaendelea kumiminika.