Kengele ya Beberu

Ukame ule ulikuja bendera ya uhuru ikiwa bado mpya, ukakausha Kinango nzima, na kondoo wa Mbodze wakabaki mifupa na ngozi. Mjane yule hakuwa na mali nyingine. Aliposikia kwamba Bwana Abdulkadir wa Msambweni amepanda mibuni kule Shimba Hills na magugu yamemshinda, akawaswaga mpaka huko.

"Shikamoo, Bwana. Kondoo wangu watakupalilia."

"Marahaba. Watanipalilia au watanilia kahawa yangu?"

"Kondoo hula nyasi, Bwana. Jani la mbuni hawaligusi." Kumbe mbuni wenyewe hakuwahi kuuona, na hamu ya kujua ilimshika yeye kuliko Abdulkadir.

"Haya, tujaribu. Wakila miti yangu, mtatoka leo leo."

Sasa, Mduruma kama Mbodze hachungi kondoo bila mbuzi. Kondoo asiye na wa kumfuata huzubaa papo hapo, hata jua limuunguze. Mbodze akamtanguliza beberu wake, kengele shingoni, wala hakuwaza. Loo! Kondoo wakainamia magugu kwa adabu zao. Beberu akasimama kwa miguu ya nyuma, akafyeka tawi zima la mbuni.

"Si nilisema!" Abdulkadir akafoka.

"Huyo ni mbuzi, Bwana! Kondoo je? Hebu tazama!"

Akatazama mti kwa mti, uso ameukunja. Kweli, hawakugusa. "Basi mbuzi atoke."

Mbodze akamfunga beberu nje. Kondoo nao wakasongamana langoni wakimlilia, asile hata mmoja.

"Warudishe kwenu, mama," Abdulkadir akasema, akalifungua lango.

Mbodze akaingiwa na hofu. Kwao wakale nini, vumbi? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akamvua beberu kengele, akaivaa yeye, akaingia kati ya mibuni akitikisa shingo.

Vibarua wa shamba wakavunjika mbavu. "Jamani, beberu kavaa leso!" Aibu ilimchoma, lakini hakugeuka. Mara akasikia kwato nyuma yake, kisha meno yakikata magugu.

Adhuhuri Abdulkadir mwenyewe akamletea kikombe cha kahawa. "Kaeni mpaka mvua inyeshe. Sasa pumzika, mama, unywe."

"Nikikaa na wao watakaa, Bwana. Nitakunywa nikitembea."

Akapiga funda la kwanza la kahawa maishani mwake, uso ukamkunjamana.

"Ala! Kumbe ndiyo maana hawaigusi," akasema. "Yule beberu wangu sijui ana ulimi gani."