Picha ya Papa Akipiga Gitaa

Rafiki yangu, nimekaa chini kwenye saruji ya chumba cha papa, baba yangu, hapa mtaani Kasha, na makopo kumi na moja ya maziwa ya unga yako wazi mbele yangu. Ndani hamna maziwa. Mna filimu, maana papa alikuwa mpiga picha na hakutupa hata moja. Amekufa juzi, kesho tunamzika. Uani wanawake wanaimba nyimbo za kilio, wanaume wamejaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, na wote wananingoja nitoke na picha yake. Unajua mambo ya kwetu Bukavu: mbele ya sanduku lazima mtu atembee ameshika fremu yenye uso wa marehemu, ili barabara nzima ijue ni nani anayepita. Na huyu aliyepiga picha nusu ya mji hana hata moja.

Usinicheke. Ya harusi iliungua na nyumba yetu ya mbao kule Kadutu. Ya kwenye kadi ya mpiga kura imefifia mpaka zimebaki nywele na kola ya shati. Nilizompiga mimi zilikuwa kwenye simu, na simu ilinyang'anywa siku zile za risasi, nami mjinga sikuwa nimemtumia mtu hata moja. Simu ya mudogo wangu, aliyebaki akimtunza, ni ya tochi tu, haina kamera. Kila mwaka nilipokuja kutoka Goma nilisema safari hii nitamketisha kitini nimpige picha vizuri. Kila mwaka, rafiki yangu. Na kila mwaka tulikula, tukaongea, nikapanda boti nikarudi kazini.

Tangu jana nachambua makopo haya. Naona watu wote isipokuwa yeye. Picha za pasipoti na za ubatizo alizipiga ili tule, lakini roho yake ilikuwa kwa wachezaji, na kwake neno hilo lilikuwa pana. Wapiga gitaa wa baa, wapiga ngoma wa korali, vijana wa mpira waliovaa viatu vya kuazima, wazee waliocheza dame kwa vifuniko vya chupa, muzee mmoja wa Nyangezi aliyekumbatia kodiani yake kama mtoto mwenye homa. Hata mashine zilizopiga muziki aliziita wachezaji. Wakati ule mtu akipata turnediski, ile mashine ya kuzungusha sahani za santuri, jambo la kwanza lilikuwa kumwita papa aje na apareyi yake, kamera ya filimu, aipige picha sebuleni.

Nakumbuka ya maman jirani. Mume wake alikuwa karani, akarudi nayo siku moja imefungwa kwenye blanketi. Jumapili baada ya misa papa akaenda na mimi nyuma, umeme ukawa umekatika. Maman jirani akasema si kitu, piga tu, haionekani kama inazunguka au haizunguki. Papa akakataa katakata. Alisema mashine iliyosimama ni meza. Basi familia nzima ikakaa imevaa nguo za kanisa, jasho linatoka, inangoja umeme. Nyanya yangu akatuma sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, na bugali, wakubwa wakakataa wasije wakachafua nguo kwa mafuta, sisi watoto tukamaliza sahani mbili. Umeme ukaja karibu saa kumi. Muziki ulipotoka kila mtu alisahau alivyopanga kukaa, na hapo ndipo papa akapiga. Nimeipata jana. Sahani imekuwa ukungu kwa kuzunguka, na maman jirani ameinua mguu mmoja. Hayupo tena yule mama, na turnediski hiyo sijui iliishia wapi.

Picha alizisafishia jikoni mchana, mablanketi yakiwa yamefunika dirisha. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji ya kuzisuuza. Nyanya alilalamika siku zote kwamba dawa zake zinanuka kupita samaki, na kwamba beseni lake la unga wa muhogo si la kuogeshea sura za watu. Papa alicheka, akaendelea kutumia beseni. Humo gizani, harufu ya dawa na ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, zikiwa zimechanganyika, ndimo alimonifundisha. Nilimuuliza anajuaje wakati wa kubonyeza.

“Usiangalie sura yake,” aliniambia. “Angalia mikono. Sura inadanganya mbele ya apareyi, mikono haiwezi.”

Sasa nikwambie siku yenyewe. Nilikuwa na miaka kumi. Mpiga gitaa mmoja aliacha gitaa lake kwetu akaenda sokoni. Nikitoka ndani nikamkuta papa uani, amekaa juu ya kreti, anapiga. Sikujua kama anajua! Baadaye nyanya aliniambia kwamba ujanani alipiga katika orkestra, akaacha tulipozaliwa. Alipiga polepole, ameinama, kama mtu anayemwongelesha mgonjwa. Apareyi ilikuwa mezani. Nikaichukua, nikabonyeza mara moja. Alisikia, akainua kichwa, akaacha kupiga. Nilingoja anikaripie kwa kumaliza filimu yake. Aliuliza tu, kwa aibu kidogo, kama sasa na yeye iko muchezaji, akalirudisha gitaa ukutani.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa na picha. Lakini nilikuwa na haraka ya kumwona. Niliamini kabisa kwamba papa yuko mle ndani, mdogo, na gitaa lake, anangoja kutolewa jikoni. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikafungua kifuniko cha apareyi nichungulie. Jua lilikuwa kali. Nikaona utepe tu wa kijivu, nikafunga.

Filimu ilipotoka kwenye beseni ilikuwa nyeusi mwanzo mpaka mwisho, imeunguzwa na mwanga niliouingiza. Orkestra nzima imekufa humo, timu ya mpira imekufa humo, na yeye. Nilikiri nikilia kamasi. Nyanya akaanza kutafuta fimbo. Papa alisogeza blanketi, akaishika filimu dirishani kwa muda mrefu, kisha akamwambia nyanya aniache. Kesho yake alizunguka kwa wanamuziki kuwaomba radhi, mmoja mmoja, wala hakunitaja. Nilidhani ile filimu aliitupa.

Leo asubuhi nimefungua kopo la kumi na moja. Mlikuwa na kipande kimoja tu cha filimu, cheusi tii, kimezungushiwa karatasi ya daftari. Mwandiko ni wake: “Mie, napiga gitare. Foto imepigwa na binti yangu. Iko muzuri.”

Nilikimbia nacho mjini kama kichaa, na kitenge cha kilio kiunoni, mpaka kwa kijana mwenye kompyuta ya kusafisha picha. Alikiweka kwenye taa, akakigeuza, akaongeza mwanga, akaongeza tena. Nilimwomba ajaribu mara nyingine, akajaribu mara tatu.

“Pole, maman,” akasema. “Hapa hamuna mutu.”

Basi nimerudi, nimekaa hapa. Baa zile zimekuwa maduka ya simu, orkestra zimebaki ndani ya makopo ya maziwa, jiko la nyanya lilibomolewa zamani. Hayo yote ningeyavumilia. Nafumba macho nimwone papa alivyoinua kichwa siku ile, na uso hauji. Inakuja mikono. Navijua vidole vyake vyote, na kucha ya gumba iliyogeuka njano kwa dawa. Alinifundisha kuangalia mikono, nami nikamtii, na sasa uso wa baba yangu sina, kwenye karatasi sina, kichwani sina. Nifanye nini mimi?

Nimekiweka kile kipande kwenye fremu, nyuma ya kioo, na karatasi yake chini yake. Mudogo wangu amekuja kunigongea mlango, mimi dada yake mkubwa.

“Yaya, umeipata foto ya papa?”

Nimemjibu kwamba nimeipata. Kutoka kule nje ameuliza kama imetoka vizuri.

“Iko muzuri,” nimemwambia.