Raba za mama ziko kabatini

Leo mama amezuiwa mlangoni mwa jimu kwa sababu amekuja na ndala.

Daktari alimwambia afanye mazoezi ili presha ishuke. Juzi nikamchagulia raba sokoni Biharamulo: nyepesi, soli isiyoteleza. Alizijaribu, akacheka mwenyewe.

"Mama, raba ziko wapi?"

"Kabatini. Viatu vizuri hivyo nivitie jasho? Mtanivalisha siku mkinizika."

Mwalimu wa jimu akainamia simu yake.

Nikasema, "Mama, nimezinunua ili hiyo siku ichelewe."

"Basi mwanangu, za mazoezi nitafutie za bei rahisi."

Tumerudi nyumbani.

Jamani, ningemwambiaje kwamba zile ndizo zilikuwa za bei rahisi kuliko zote pale sokoni?